Hugh Trowell: Daktari wa Mulago aliyefuatilia chanzo cha moyo kuchoka

Katika kilima cha Mulago, ndani ya Divisheni ya Kawempe jijini Kampala, daktari mmoja Mwingereza alitumia zaidi ya miaka 20 akitazama magonjwa yakibadilika mbele ya macho yake. Alipofika Uganda mwaka 1935, shinikizo la juu la damu lilikuwa jambo la nadra miongoni mwa wagonjwa wake Waafrika. Alipoondoka mwaka 1958, watu waliolazwa kwa sababu moyo umeshindwa kustahimili shinikizo hilo walikuwa sehemu ya kazi ya kila wiki. Daktari huyo, Hugh Carey Trowell, alifariki mwaka 1989. Swali aliloliacha lingali hai hata leo, wakati hospitali za mataifa tajiri zinawapandikizia wagonjwa pampu za kusaidia moyo: je, moyo wa Mwafrika ulianza lini kuchoka kwa namna hii, na kwa nini?

Kilima chenye historia

Kampala ina divisheni tano, na Kawempe ndiyo ya upande wa kaskazini. Ndani yake kuna Bwaise, Kalerwe, Wandegeya na vitongoji vingine vyenye watu wengi. Kuna pia vilima viwili vilivyobeba historia ya elimu na tiba ya Afrika Mashariki nzima, yaani Makerere na Mulago. Mulago ilianza mwaka 1913 chini ya daktari mmishonari Albert Cook, ikiwa mahali pa kutibu kaswende na malale. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922, na haikuchukua muda kabla vijana wake wa masomo ya tiba kuanza kupanda na kushuka kati ya vilima hivyo viwili ili kujifunza kando ya vitanda vya wagonjwa.

Wanafunzi hao hawakuwa Waganda peke yao. Walitoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar pia, kwa kuwa kwa miaka mingi Makerere ilikuwa mahali pekee katika eneo hili ambapo Mwafrika angeweza kusomea udaktari. Kwa hiyo lililofundishwa Mulago halikukaa Mulago. Lilikwenda Kisumu, Mwanza, Mombasa na Unguja pamoja na madaktari waliohitimu hapo, na ndiyo maana maisha ya mwalimu mmoja wa kilima hicho yanawahusu watu wengi kuliko wale waliolazwa katika wodi zake.

Kutoka Uingereza hadi Kenya, kisha Uganda

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904 na kusomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas, London. Mwaka 1929 alioa, na katika mwaka huo huo akaingia katika utumishi wa tiba wa serikali ya kikoloni na kusafiri hadi Kenya. Mkewe, Margaret, alikuwa msanii aliyesomea uchoraji London. Akiwa Kenya, mama huyo alivutiwa sana na kazi za mikono za wenyeji, na mvuto huo ukazaa matunda makubwa baadaye.

Mwaka 1935 Trowell alihamishiwa Uganda, akawa daktari wa Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa Makerere. Miaka miwili baadaye Margaret alianzisha masomo ya sanaa yaliyokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Sam Ntiro wa Machame, mchoraji aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika mjini London, na Elimo Njau, aliyechora picha za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a. Ni nyumba chache zilizowahi kuacha alama katika nyanja mbili zilizo mbali kama hizo: mume katika wodi, mke katika karakana ya rangi na udongo.

Mtoto mwenye nywele nyekundu

Ili kuelewa jinsi Trowell alivyoufikia moyo, ni lazima kwanza kuelewa ugonjwa uliomsumbua kwa karibu miaka 20. Tangu akiwa Kenya alikuwa akiona watoto wadogo, wengi wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, waliovimba miguu na uso, ngozi ikibanduka, nywele zikigeuka rangi kuwa nyekundu au kahawia hafifu. Walikuwa wanyonge, hawachezi, hawacheki, na wengi walikufa. Waganda waliujua ugonjwa huo na kuuita obwosi. Kwa Kiswahili leo tunauita unyafuzi, na madaktari wa dunia wanaujua kwa jina la kwashiorkor, neno la Wagaa wa Gold Coast, Ghana ya leo, lililoingizwa katika vitabu vya tiba na daktari Cicely Williams mwaka 1935.

Trowell alianza kwa kukosea. Mwaka 1937 aliandika katika jarida la Uingereza kwamba hali hiyo ilikuwa pelagra ya watoto, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini. Akawapa watoto vitamini, hawakupona. Badala ya kuikumbatia hoja yake kwa sababu tu ilikuwa imekwisha kuchapishwa, aliiacha. Akarudi kutazama tena: mtoto alikula nini baada ya kuachishwa ziwa, ini lake lilionekanaje, aliyepona alipona kwa chakula gani. Jibu lililokusanyika polepole, kwa kazi ya watu wengi Mulago na kwingineko, lilikuwa kwamba mtoto aliyelishwa ndizi au mihogo pekee, bila maziwa, maharagwe wala samaki, hakupata kinachojenga mwili. Mwaka 1954 Trowell, pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, alichapisha kitabu kilichobaki kwa miaka mingi kuwa rejea kuu ya ugonjwa huo.

Kazi hiyo ilimfunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba ugonjwa usioletwa na kijidudu unaweza kuua kama ule unaoletwa na kijidudu, na mara nyingi chanzo chake kimo ndani ya chungu cha jikoni. La pili ni kwamba daktari anayefanya kazi kwa muda mrefu mahali pamoja anaweza kuona jambo ambalo mgeni wa miezi sita hawezi kuliona: jambo linapoanza kuwapo, na jambo linapokosekana.

Mioyo ya Mulago

Moyo ni pampu. Kazi yake ni kupokea damu kutoka mwilini, kuisukuma kwenye mapafu ipate hewa, kisha kuisukuma tena mwili mzima. Madaktari wanaposema moyo umeshindwa, hawana maana kwamba umesimama. Wana maana kwamba hausukumi damu ya kutosha, au unaisukuma kwa taabu kubwa, hivyo maji yanarudi nyuma na kujaa katika mapafu, miguu na tumbo. Mgonjwa hulala akiwa ameegemea mito kwa sababu akijinyoosha anakosa pumzi. Akitembea hatua chache, anasimama. Viatu vyake vya jana leo havimwingii.

Katika wodi za Mulago za miaka ya 1930 na 1940 hali hiyo ilikuwa na sababu nyingi. Wapo waliokuwa na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi waliyoipata utotoni. Wapo ambao mshipa mkuu wa damu ulikuwa umeliwa na kaswende. Wapo waliopungukiwa damu kupita kiasi kwa sababu ya minyoo au malaria. Na palikuwapo kundi jingine ambalo halikuingia katika kitabu chochote: vijana na watoto wenye matumbo yaliyojaa maji, ambao mioyo yao, baada ya kifo, ilionekana kuwa na kovu jeupe gumu lililotanda ndani ya vyumba vya chini na kuvibana. Davies, mwanapatholojia wa Makerere na mwenzake Trowell, ndiye aliyeueleza ugonjwa huo rasmi mwaka 1948. Kampala ikajulikana duniani kwa ugonjwa wa moyo ambao hadi sasa chanzo chake hakijabainika kikamilifu, na ambao uliwapata zaidi maskini, wakiwemo wahamiaji waliotoka Rwanda na Burundi kuja kufanya kazi Buganda.

Trowell hakuwa mwanapatholojia. Alikuwa daktari wa wodi, na mchango wake ulikuwa wa kuhesabu na kukumbuka. Alijua kwamba mwaka 1929, mwaka ule ule alioingia Kenya, daktari Donnison alikuwa amepima watu 1,000 katika eneo la Nyanza na kukuta kwamba shinikizo la damu yao halikupanda kadiri umri ulivyosonga, tofauti kabisa na ilivyokuwa Ulaya. Alijua pia kwamba katika miaka yake ya mwanzo hakukutana na Waafrika wenye maumivu ya kifua yanayotokana na kuziba kwa mishipa ya moyo. Wala hakuona wengi wenye kisukari cha ukubwani, mawe ya nyongo au kidole tumbo. Magonjwa hayo aliyajua vizuri, kwa kuwa alifunzwa London ambako yalijaa. Mulago aliyatafuta na hakuyapata.

Kisha yakaanza kuja. Kwanza walikuja wagonjwa wa shinikizo la damu, mmoja mmoja, kisha wengi. Moyo uliokuwa ukisukuma dhidi ya ukinzani mkubwa mwaka hadi mwaka ulinenepa kuta zake, kisha ukatanuka, kisha ukashindwa. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake Singh waliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwamba mgonjwa mmoja tu alistahili makala nzima ni ushahidi wa jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni. Leo hakuna mhariri wa jarida la tiba angekubali kuchapisha habari ya mgonjwa mmoja wa aina hiyo, kwa kuwa wamekuwa wengi mno.

Mwaka 1958 Trowell aliondoka Uganda. Miaka miwili baadaye kilitoka kitabu chake kikubwa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Wakati huo wataalamu wengi wa tiba ya nchi za joto waliwaza malaria, malale na minyoo. Yeye aliandika kitabu kizima kuhusu magonjwa ambayo hayana mdudu.

Kasisi aliyerudi kwenye tiba

Aliporejea Uingereza, Trowell aligeuza njia. Alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Anglikana na kutumikia kijiji cha Stratford-sub-Castle, karibu na mji wa Salisbury, katika miaka ya 1960. Alitumikia pia kama kasisi wa hospitali, na baadaye akaandika kitabu kuhusu mjadala wa kumsaidia mgonjwa mahututi kufa, suala lililohitaji mtu aliyeijua wodi na madhabahu pia.

Ilionekana kana kwamba Afrika imekwisha kwake. Lakini alipostaafu ukasisi, akiwa na umri unaopita miaka 65, alivutwa tena na maswali ya Mulago. Rafiki yake wa zamani Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyepata umaarufu kwa kueleza saratani ya taya la watoto wa Uganda, alikuwa ameanza kudai kwamba nafaka zilizokobolewa na sukari nyeupe ndizo zilizowaletea watu wa Magharibi magonjwa mengi ya tumbo na ya moyo. Trowell alikuwa na kitu ambacho Burkitt alikihitaji: kumbukumbu ya miaka karibu 30 ya magonjwa yaliyokosekana, kisha yakatokea.

Mwaka 1972 Trowell alitoa tafsiri ya kitaalamu ya nyuzinyuzi za chakula, yaani mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo vimeng'enya vya tumbo la binadamu haviwezi kuyavunja. Neno lenyewe lilikuwa limetumika tangu mwaka 1953 na daktari Hipsley wa Australia, lakini ni Trowell aliyelipa maana iliyowawezesha watafiti kupima na kulinganisha. Kabla ya hapo, makapi ya nafaka yalionekana kama uchafu wa kutupwa. Mwaka 1975 yeye na Burkitt walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa, na mwaka 1981 wakatoa kingine kilichokusanya ushahidi kutoka mabara mbalimbali kuhusu magonjwa wanayoyapata watu wanapoyaiga maisha ya Magharibi. Katikati ya vitabu hivyo, Trowell aliandika makala katika jarida la Afrika Mashariki akifuatilia safari ya shinikizo la damu la Wakenya na Waganda kwa miaka 50, kuanzia 1928 hadi 1978. Hiyo ilikuwa hesabu ya mwisho ya mtu aliyekuwapo kwa sehemu kubwa ya safari hiyo.

Pampu na mipaka yake

Wakati Trowell akihubiri katika kijiji chake cha Uingereza, upande mwingine wa dunia ulikuwa ukishughulika na mwisho wa safari ile ile. Mwaka 1953, mjini Philadelphia, mashine ilishika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji uliofanikiwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1966, mjini Houston, timu ya Michael DeBakey ilimsaidia mwanamke mmoja kwa pampu kwa siku kumi hadi moyo wake ulipopata nguvu. Kutoka hapo vikaja vifaa vidogo zaidi. Mwaka 2001 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba wagonjwa mahututi waliowekewa pampu walikuwa hai baada ya mwaka mmoja kwa asilimia 52, dhidi ya asilimia 25 ya waliopewa dawa peke yake. Pampu za sasa zimesogeza mipaka hiyo mbali: zaidi ya nusu ya wanaowekewa huwa hai baada ya miaka mitano.

Pampu ya aina hii haiondoi moyo. Bomba fupi hushonwa kwenye ncha ya chumba cha chini cha kushoto. Rota ndogo inayozunguka kwa kasi huvuta damu na kuipeleka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu. Waya hutoka nje kupitia ngozi ya tumbo hadi kwenye kidhibiti na betri ambazo mgonjwa huzivaa kiunoni au begani. Kwa kuwa damu husukumwa mfululizo, wagonjwa wengi hawana mapigo ya kuguswa kwenye kifundo cha mkono, na mashine ya kawaida ya kupimia shinikizo mara nyingi hushindwa kusoma kitu. Muuguzi asiyejua hilo anaweza kudhani mtu aliye hai amekufa.

Kumtunza mgonjwa wa pampu ni kazi ya kila siku isiyo na likizo. Kidonda cha mahali waya unapotokea husafishwa na kufungwa kwa uangalifu, kwa kuwa maambukizi hupita hapo. Dawa za kuzuia damu kuganda hunywewa bila kuruka, na damu hupimwa mara kwa mara: dawa ikipungua, bonge la damu linaweza kuziba pampu au kwenda kwenye ubongo; ikizidi, mgonjwa anavuja damu tumboni. Betri huchajiwa usiku na mchana. Mgonjwa hazamishi mwili katika maji. Na lazima awepo mtu wa nyumbani aliyefunzwa kubadilisha betri na kutambua mlio wa hatari.

Mtu akiyaweka masharti hayo kando ya maisha ya mabonde ya Kawempe, ataona umbali uliopo. Bwaise hufurika mvua zikinyesha. Umeme hukatika. Kipimo cha damu cha kila mara kinagharimu nauli na fedha ambazo mchuuzi wa Kalerwe anazihitaji kwa chakula. Zaidi ya hayo, lipo tatizo la kitabibu ambalo fedha hazilitatui: moyo ule wenye kovu, ambao Davies aliueleza Mulago, ndio moyo ambao pampu inausaidia kwa shida zaidi. Chumba chake ni kidogo na kigumu, hakina nafasi ya kuweka bomba, na mara nyingi upande wa kulia nao umeumia. Pampu ya kushoto hutegemea upande wa kulia uilishe damu. Usipoilisha, inazunguka bila cha kusukuma.

Hili halina maana kwamba Mulago imesimama pale Trowell alipoiacha. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa kilimani hapo mwaka 1988, na mwaka 2016 ikapewa sheria yake ya kujitegemea. Wapasuaji wake hufungua vifua na kurekebisha mioyo ya watoto ambao zamani wangekufa au kusafirishwa ng'ambo. Lakini kwa wengi wa wanaofika wakiwa wamevimba miguu, tiba ni vidonge, na vidonge hivyo hufanya kazi vizuri zaidi vikianza mapema.

Hoja zake zilivyopimwa

Trowell hakukosa wapinzani. Walisema kwamba hesabu zake zilitokana na watu waliofika hospitalini, si watu wote. Kwamba katika miaka ya 1930 Waafrika wachache waliishi hadi umri wa magonjwa ya mishipa. Na kwamba daktari aliyetarajia kutokuta ugonjwa fulani huenda hakuutafuta kwa bidii. Walikumbusha pia kwamba nyuzinyuzi peke yake haziwezi kubeba lawama yote, kwa kuwa mtu anapohama kijiji habadilishi unga tu: anabadilisha chumvi, uzito, kazi, usingizi na wasiwasi wake.

Hoja hizo zilikuwa za haki, na utafiti uliofuata ulizijibu kwa sehemu. Gerald Shaper, aliyefika Makerere mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwapima vijana wa Kisamburu wa kaskazini mwa Kenya ambao shinikizo la damu yao lilikuwa la chini na halikupanda. Walipoingia jeshini na kula chakula chenye chumvi nyingi zaidi, likaanza kupanda. Mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya kifo cha Trowell, watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Waluo waliohama kijijini kwenda Nairobi. Shinikizo lao lilipanda muda mfupi baada ya kuhama, chumvi katika mkojo wao ikiongezeka na uzito nao ukiongezeka. Damu ilikuwa ile ile, ukoo ule ule. Kilichobadilika ni mahali na sahani.

Mwaka 2012 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, wakati huko Ulaya na Marekani wagonjwa wa namna hiyo huwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Chanzo cha kwanza, kwa asilimia 45, kilikuwa shinikizo la juu la damu. Ugonjwa ambao Donnison hakuukuta kwa watu 1,000 wa Nyanza ndio uliokuwa sasa unawalaza watu walio katikati ya miaka yao ya kazi, wenye watoto shuleni na wazazi wa kutunza.

Swali linalovuka mipaka

Kwa Waafrika Mashariki waliohama bara lao, kisa hiki kina uzito wa pekee. Aliyetoka Goma, Bujumbura, Kigoma au Kampala akafika katika mji wa ughaibuni amefanya kwa miezi michache safari ambayo wazee wake waliifanya kwa vizazi viwili. Mkate mweupe, nyama za makopo, supu za pakiti na vitafunwa vya chumvi ni rahisi kuliko maharagwe na mboga za majani, na mara nyingi ni vya bei nafuu. Shinikizo la damu halina maumivu. Wengi hulijua siku wanapokosa pumzi kwenye ngazi, na siku hiyo moyo umekwisha kutanuka.

Kupima shinikizo kunachukua dakika chache. Mtu mzima ambaye hajapimwa kwa mwaka mzima anaweza kumwomba daktari wa mtaa au muuguzi ampime, na anayetumia dawa hapaswi kuziacha kwa sababu tu anajisikia vizuri; kujisikia vizuri hakuthibitishi kwamba shinikizo limedhibitiwa. Anayevimba miguu, anayeamka usiku kutafuta hewa, au anayehitaji mito mingi kuliko zamani asisubiri.

Hugh Trowell alifariki Julai 1989, akiwa na umri wa miaka 84. Margaret alikuwa amemtangulia kwa miaka minne. Mulago kulijengwa hospitali mpya iliyofunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, na majengo aliyofanyia kazi yeye yakabaki upande wa pili wa kilima. Katika foleni za kliniki ya moyo leo, watoto wa homa ya baridi yabisi bado wapo, na wenye makovu ya ndani ya moyo bado wapo. Lakini foleni ndefu zaidi ni ya watu wazima wa makamo wanaosubiri mkono wao ufungwe kitambaa cha kupimia, ugonjwa ambao yeye aliuona ukiingia mlangoni, akauandika, na akaendelea kuuandika hadi uzeeni.